Mkono wa Msusi na Mashine ya Sauti

Watu wa Arua walikuwa wakiniita daktari ya kukanda, na jina hilo lilinikera mpaka likanifanyisha ujinga ninaousimulia hapa. Nilisomea tiba ya viungo Kampala miaka kadhaa, nikakariri mifupa, misuli na mishipa kwa majina yanayopinda ulimi, kisha narudi nyumbani namsikia mama mmoja sokoni akimwelekeza mwenzake: "Enda kwa ule kijana wa kukanda, iko na mikono laini." Mikono laini! Utadhani nilikwenda chuo kujifunza kukanda unga wa chapati.

Kwa hiyo siku kliniki yetu ilipoletewa mashine, nilijiona nimekuwa mtu. Ilikuwa ya mtumba, imetoka Ulaya, ina vitufe, taa ya kijani, na kichwa cha chuma kilichofungwa kwenye waya, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Inafanya kazi kwa mawimbi ya sauti, sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliipati. Unapaka jeli mahali panapouma, unazungusha kile kichwa polepole juu ya ngozi, na mawimbi yanaingia ndani ya nyama. Kama ni mkono wenye vidole vibovu, unautumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kichwa kinazunguka humo humo majini. Mzee mmoja wa Adumi, nilipomweleza kwamba ni sauti, aliinama akaweka sikio lake juu ya goti lake mwenyewe, akasubiri.

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba yule mzee alikuwa amefanya uchunguzi kunishinda mimi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nililijua tangu chuoni, nisije nikajifanya mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Utafiti haukuwa umezisifu sana mashine za aina ile. Tulifundishwa kwamba kwa maumivu mengi ya viungo, mgonjwa aliyezungushiwa mashine inayowaka na aliyezungushiwa iliyozimwa bila kujua hawapishani sana. Chenye ushahidi mzuri zaidi ni ile kazi ya kuchosha: kumfundisha mtu kusogeza kiungo chake mwenyewe, kila siku, tena na tena, akilalamika na wewe ukivumilia. Niliulizwa swali hilo kwenye mtihani. Nikalijibu vizuri, nikapewa alama nzuri, nikafunga daftari.

Lakini jaribu kumwambia mtu aliyetoka Ajia tangu alfajiri kwamba dawa yake ni kukunja vidole na kuvikunjua. Anakutazama kama umemtukana. Mwashie taa ya kijani, anatulia kama yuko kanisani. Na mimi je? Nikawa daktari ya mashine. Jamani, nililipenda jina hilo. Nilianza hata kutembea vingine.

Msusi alikuja mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza. Alikuwa mwanamke wa Koboko, umri wake kama wa dada yangu mkubwa, mwenye kibanda chake cha kusuka: viti viwili, kioo kimoja, na wateja waliompangia foleni kila Ijumaa mpaka Jumapili. Alianguka kwenye bodaboda akavunjika mkono wa kulia, karibu na kifundo. Alikuwa amefungwa plasta hospitali nyingine na sasa imetolewa. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Tatizo lilikuwa vidole. Kwa kukaa muda wote ule bila kusogezwa vilikuwa vimevimba na kukakamaa, na alipojaribu kufumba ngumi vilisimama katikati ya njia.

Hakuniomba mengi. Alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akagusanisha ncha ya kidole gumba, cha shahada na cha kati.

"Daktari, mimi nataka hii tu. Hii ikirudi, mi nasuka. Isiporudi, mi naenda kwa nyumba ya kaka yangu kuosha sahani ya bibi yake."

Alisema huku akicheka, lakini macho hayakucheka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika mahali penyewe. Maneno hayo nayakumbuka vizuri, pamoja na ile sauti nzito niliyoitumia.

Mkono uliokaa ndani ya plasta haungoji. Kila juma linalopita bila vidole kukunjwa, nyama za ndani zinashikamana zaidi, na kuna mahali zikifika hazirudi tena. Nalo hilo nililijua. Alikuwa bado ana muda alipokuja kwangu, tena muda wa kutosha.

Akawa anakuja kila Jumanne kutoka Koboko. Namkalisha, namwekea beseni la maji ya uvuguvugu, natumbukiza mkono wake, naizungusha mashine. Baada ya dakika chache namuuliza, "Unasikia?"

"Nasikia, daktari."

Basi natia alama kwenye fomu yangu.

Ile fomu ndiyo kiini cha mambo. Kulikuwa na mkutano wa wahudumu wa afya wa West Nile unakuja, watu wangetoka huku na huku, na mimi nilitaka kusimama mbele yao na utafiti wangu. Nilisikia vibaya kwamba kila ushahidi tunaousoma unatoka nchi za watu wengine, juu ya magoti ya watu wengine. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa mimi. Nilichora karatasi yenye nafasi mbili, anayepata nafuu na asiyepata, na kila mgonjwa aliyepita kwenye mashine nilimuuliza lile swali langu moja. Droo ya meza ilikuwa na kipimo cha plastiki cha kupimia kiungo kinakunjika kiasi gani. Sikukitoa. Nilijiambia kwamba kinapoteza muda, na foleni ni ndefu.

Uongo mtupu. Vidole vya msusi nilikuwa naviona kwa macho yangu. Juma la tatu vilikuwa palepale, na juma la sita pia. Niliogopa kukiweka kipimo juu yake kwa sababu nilijua kitaniambia nini, na mstari wake kwenye fomu ulikuwa tayari umejaa alama nzuri za nafuu. Kila akiondoka, nikiwa nimempa mgongo, naikausha mashine kwa kitambaa, nilikuwa namwambia, "Na nyumbani fanya mazoezi."

"Sawa daktari, nafanya."

Baada ya miezi mitatu aliacha kuja. Nami nikaandika: amemaliza matibabu, ana nafuu.

Siku ya mkutano nilivaa koti. Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, chai na mandazi nyuma, mimi mbele. Nilisema karibu wagonjwa wangu wote walipata nafuu kwa mashine. Wakapiga makofi. Mwenzangu mmoja anayefanya kazi na wakimbizi upande wa Omugo aliinua mkono akauliza watapataje mashine kama ile, maana wao wana mikeka na mipira tu, wanawafanyisha watu mazoezi kutwa nzima. Nilimwonea huruma. Mimi nilimwonea huruma yeye! Nikamwambia awe anawaleta kwangu wale wagumu.

Mle ukumbini alikuwemo mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mfupi wa maneno machache, ambaye naye ni wa tiba ya viungo. Hakupiga makofi wala hakununa. Chai ilipokwisha aliniomba akaione hiyo mashine. Nikampeleka kifua mbele.

Aliiwasha. Taa ya kijani ikawaka. Akakigeuza kile kichwa cha chuma kitazame juu, akaomba maji kidogo kwenye kijiko, akadondosha matone machache juu yake. Tukatazama. Matone yakatulia tuli.

"Yanatakiwa yacheze," akasema kwa Kiingereza, kwa upole. "Kichwa kikiwa kizima, maji yanachemka kama yanataka kuruka. Hii imekufa, kaka. Taa tu ndiyo inayofanya kazi."

"Labda imekufa leo," nikasema.

"Labda. Ulipoletewa uliijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Sikuwa hata nimekumbuka kwamba inajaribiwa, na kumbe ni jambo la dakika moja na kijiko cha maji. Jasho lilinitoka ndani ya lile koti. Nikataka kujitetea, nikamwambia lakini wagonjwa wenyewe walisema. Nina fomu zao, mmoja mmoja.

"Uliwauliza nini?"

"Niliwauliza, unasikia?"

Yeye si mtu wa Kiswahili. Akaniomba nimfasirie kwa Kiingereza, na hapo ndipo ulimi wangu ulipokwama. Maana nilitaka kusema ni kuuliza kama mtu anahisi nafuu. Kisha nikaona, la, ni kuuliza kama anahisi kitu chochote. Kisha ni kuuliza kama sikio lake linapata sauti. Na kwa Kiswahili chetu cha huku, kilichokuja na wanajeshi kabla hakijaja na wafanyabiashara, ni zaidi ya hapo. Mkubwa akikuuliza "unasikia?" anakuuliza kama umeelewa na kama utatii. Jibu ni moja tu. Hakuna mtu mwenye adabu anayemwambia mkubwa "sisikii".

Nilimfasiria yote, moja baada ya jingine, sauti ikinipungua.

"Kwa hiyo uliwauliza kama wanakutii," akasema.

"Ndiyo."

"Na wakatii."

Aliifuta ile mashine, akaizima, akaniambia nifikirie wale waliokuwa na jeraha lisilosubiri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na koti langu. Hakuhitaji kuniambia nifikirie. Nilikuwa nimekwisha kuuona akilini ule mkono wa msusi.

Niliwaandikia waandaaji wa mkutano. Unajua niliandika nini? Kwamba kumetokea hitilafu ya kiufundi, hivyo matokeo yangu yasitumike kwa sasa. Hitilafu ya kiufundi! Wakanijibu kwa kunishukuru kwa uaminifu wangu. Barua ile ninayo bado, siwezi kuitupa na siwezi kuisoma.

Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki yangu mpaka Koboko.

Kibanda nilikipata kwa kuuliza. Viti viwili vilikuwepo na kioo kilikuwepo. Aliyekuwa akisuka ni msichana mwingine, na msusi wangu alikuwa amekaa pembeni kwenye stuli akimtenganishia nywele za bandia kwa mkono wa kushoto, akimpa uzi mmoja mmoja. Aliponiona alisimama haraka, akajifunga mtandio vizuri, akafurahi kwelikweli.

"Daktari! Mpaka huku! Karibu, karibu. Leteni kiti ya daktari."

Tukaenda kukaa uani, akaleta chai. Nikamwambia yote kabla sijainywa, maana niliogopa nikiinywa nitanyamaza. Nikamwambia mashine ilikuwa imekufa, na pengine ilikuwa mfu siku zote alizokuja. Nikasema sikuijaribu. Nikasema nisamehe.

Akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Mimi nilikuwa najiuliza. Nasema moyoni, hii kitu mbona haina kitu? Maji tu ndiyo ilikuwa nzuri, iko na joto."

"Lakini kila nilipokuuliza ulisema unasikia."

"Sasa ningesema nini? Baba yangu alikuwa askari. Akiuliza kwa nyumba, unasikia, sisi wote tunasema nasikia baba, hata kama hujui anasema nini. Na wewe uliuliza na sura kali." Akaikunja sura yake kama yangu, kali kweli, na mimi nikacheka kwa kukosa la kufanya.

Nikamuuliza kuhusu mazoezi. Je, nyumbani alikuwa akifanya?

"Wallahi nilifanya. Kila siku, hata siku ya mvua. Baada ya sala ya asubuhi natoka hapa, nakwenda mbio kidogo, natembea kidogo, mpaka kule barabara ya Congo, narudi. Watu wakasema huyu mama anataka kuingia jeshi. Nikawaambia ni daktari amesema."

Mazoezi! Kwa mtoto wa askari mazoezi ni nini kama si kukimbia asubuhi? Mimi nilimaanisha akunje vidole. Sikumwonyesha hata mara moja. Nilisema neno lile nikiwa nimempa mgongo, na mwanamke yule akaamka gizani miezi mitatu, akakimbia kwenye matope mkono ukining'inia kando, apate kuponya vidole.

Nikaushika mkono wake. Hatimaye nikaushika, bila mashine, kwa hii mikono yangu laini. Nikamwonyesha namna ya kukunja kila kifundo, kimoja kimoja, kwa kusaidiwa na mkono mwingine, na idadi ya mara kwa siku. Alijifunza upesi sana. Kidole gumba kilikuwa na nafasi bado. Cha shahada na cha kati vilikwenda kidogo, kisha vikasimama. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kusimama kwa aina mbili: kuna kule ambako nyama inalalamika lakini inaachia ukiisubiri, na kuna kule ambako haijibu kitu. Nilisukuma kwa upole, nikasubiri. Haikujibu. Nikajaribu tena kwa pembe nyingine, si kwa ajili yake, ni kwa ajili yangu.

Alikuwa ananitazama usoni, si mkononi.

"Daktari, nikuulize mimi sasa."

"Uliza, dada."

"Kama ungenionyesha hii mambo toka ile Jumanne ya kwanza, saa hii ningekuwa nasuka?"

Kuku walikuwa wanapekua chini ya meza. Kule mbele yule msichana alikuwa anazozana na mteja juu ya upana wa mistari ya nywele. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, silabi mbili, na alikuwa na haki nalo kuliko mtu yeyote duniani. Ndiyo. Karibu hakika, ndiyo.

Nikamwambia kwamba katika mambo haya utafiti hauna uhakika kamili. Nikamwambia mikono hutofautiana, kwamba wapo wanaofanya kila kitu sawasawa na vidole visirudi, kwamba ili kujua kwa kweli tungehitaji watu wengi waliovunjika kama yeye, nusu watibiwe hivi na nusu hivi. Kila neno lilikuwa kweli. Ungeweza kuliandika kwenye karatasi ya chuo na likapita. Nilizungumza kwa muda mrefu, kwa ile sauti yangu nzito, na nilimwona akijitahidi kufuata, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Kwa hiyo hata wewe hujui," akasema mwishoni.

"Hatuwezi kujua kwa hakika."

Akashusha pumzi. Mabega yakalegea. Akautazama ule mkono wake, akaufunika kwa mtandio.

"Basi si makosa ya mutu," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiri labda ni mimi sikukimbia vizuri."

Ningeweza kufungua mdomo bado. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akawaambia majirani huyu ndiye daktari yangu wa Arua, ametoka mbali kwa sababu ya mimi. Kisha akasema Mwenyezi Mungu anibariki, maana madaktari wengi hawawezi kuja mpaka kwa mutu masikini kumwambia ukweli.

Nikaitikia, amina.